Nilivyoipeleka Bendi Mnadani

Ijumaa, 13 Desemba

Leo natimiza mwaka mmoja tangu niwe meneja wa bendi ya Mfongo. Hakuna aliyekumbuka. Nimejinunulia soda na kujipongeza mwenyewe.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: bendi ina watu watatu. Kindness anatunga, anaimba na kupiga gitaa. Hosea yuko kwenye besi, na mchana anatengeneza redio na simu sokoni hapa Moshi. Ndelilio anapiga ngoma na kwa kawaida haongei. Mimi, Calvin, ndiye akili. Jina tumelitoa kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani. Nyimbo zetu ni zetu wenyewe, hatupigi za watu. Ndiyo maana hatualikwi sana.

Sasa habari kubwa. Jumamosi ijayo, tarehe 21, bendi sita za mjini zitapiga kwenye bustani moja karibu na stesheni ya zamani. Atakuwepo Doris, yule dada anayechagua bendi za tamasha la Februari. Atachukua bendi moja tu. Sisi tumepangiwa saa saba mchana. Tukikosa, nafasi yetu inakwenda kwa Theluji Sound, bendi ya Thadeus, iliyo kwenye orodha ya akiba. Thadeus huyu anapiga nyimbo za watu hotelini, kwa watalii walioshuka mlimani. Wanakaa kumsikiliza kwa sababu miguu imekufa, hawawezi kuondoka.

Kindness ameniambia kwa upole kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikiharibu, umeneja basi. Amenikumbusha ya Kwa Sadala, nilipowapangia kupiga jirani na mashine ya kusaga mahindi, mashine ikiwa kazini. Nimeshtuka kwamba bado ana kinyongo. Imepita miezi miwili.

Nina mpango. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 15 Desemba

Mpango ulikuwa huu. Godlove, tajiri wa Mwika mwenye kumbi za muziki Dar, ameshapanda kijijini kwa ajili ya Krismasi, na leo alikuwa ibadani hukohuko na mama yake. Baada ya ibada kuna mnada nje ya kanisa kama kila Jumapili. Waumini wanaotoa sadaka ya mkungu wa ndizi, kuku au maziwa, vitu vyao vinanadiwa pale pale. Nikapiga hesabu zangu: mtu mkubwa hawezi kukubali kushindwa bei nyumbani kwao, mama yake akiwa anatazama. Kwa hiyo nikaitoa bendi sadaka. Godlove angeinunua, angetusikia, angetupenda, angetuletea spika kubwa kabla ya Jumamosi.

Nilimwandikia Mzee Aminieli, mzee wa kanisa anayenadi, karatasi safi kabisa. Bendi ya Mfongo, siku nzima, siku yoyote, kazi yoyote mnunuzi atakayopenda. Hayo ya siku yoyote na kazi yoyote niliyaongeza ili tuonekane wakarimu.

Jogoo alitangulia. Godlove alimnunua kwa bei ambayo sijawahi kuisikia kwa kuku, akapigiwa vigelegele, akampandisha mama yake garini, akaondoka. Akaondoka! Sisi ndio tulikuwa tunafuata.

Mzee Aminieli aliisoma karatasi yangu mara mbili, mara ya pili akiwa amevua miwani. Mama mmoja akauliza kama hiyo bendi inataga. Mwishowe mkono ukanyooka nyuma, karibu na kengele. Thadeus. Kumbe naye ni msharika wa pale. Hakuna aliyempandia bei. Tumeuzwa kwa pungufu ya trei la mayai.

Hata hilo ningelimeza. Lakini mnadani kwetu mtu akishanunua anaweza kumzawadia mwenzake, na hapo hakuna kurudisha, kwa sababu ni sadaka na usharika mzima umeshuhudia. Thadeus akatangaza, kwa sauti ya kichungaji kabisa, kwamba anamzawadia Bibi Elinipendo, mjane, mwenye ng'ombe watatu na watoto wote Dar. Vigelegele. Bibi akaulizwa anaitaka bendi siku gani. Akafikiri kidogo, akasema Jumamosi kuanzia alfajiri. Wanawe wanafika Jumapili, na kabla hawajafika anataka samadi yote iwe imetoka bandani na imefika migombani.

Nimerudi mjini nimeduwaa. Nimeiuza bendi ikabebe samadi, siku ileile.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimepanda Mwika na sukari na sabuni kumbembeleza Bibi Elinipendo abadilishe siku. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akanipa mtori, ile supu nzito ya ndizi, akaniuliza ukoo wangu, akagundua kwamba babu yangu ndiye aliyekuwa akiiba zamu za watu za maji ya mfongo. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, namna mtu anavyomweleza mtoto wa chekechea, kwamba sadaka ikishanadiwa si yangu tena, wala si yake, na Jumamosi ni Jumamosi. Kisha akanipa panga nikakate majani ya ng'ombe. Sijui ilikuwaje. Nimekata mizigo miwili.

Nimeliona rundo lenyewe. Limenizidi kimo. Ng'ombe watatu tu wamefanya kazi yote ile. Nimewatazama mmoja mmoja na hakuna aliyeonyesha aibu.

Jumanne, 17 Desemba

Mazoezini kwa kina Hosea. Nimewaambia vijana wangu kwamba Jumamosi asubuhi tuna kurekodi video Mwika, mandhari ya kijijini, waje na nguo kuukuu na mabuti. Nilieleza vizuri sana. Niligusia hata mwanga wa asubuhi.

Kindness alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha simu. Kwenye kundi la kwaya ya mama yake, huko Mwika, kuna picha yangu nimesimama kando ya jogoo nikiwa na ile karatasi. Wamejua tangu Jumapili mchana! Wote watatu. Wamekaa siku mbili wakiningoja niseme. Ndelilio akafungua mdomo, mara ya kwanza mwezi huu, akaniuliza ni kweli tumeuzwa chini ya mayai. Nikasema trei zima. Nilidhani itasaidia.

Kindness hakupandisha sauti. Alisema watakwenda, kwa sababu mama yake ni wa usharika ule na sadaka ni sadaka. Watabeba kuanzia alfajiri, saa saba wataoga, watashuka mjini. Kazi yangu ni moja: nimpigie Doris nimwombe atusogeze jioni, na nimweleze ukweli. Neno ukweli alilirudia mara tatu huku akinitazama machoni. Tukiikosa hiyo Jumamosi, nisiwatafute tena.

Nimelala kitandani nikijiuliza mimi bila Mfongo ni nani. Ni mtu wa miaka thelathini na nne anayeuza makava ya simu kwenye meza ya dada yake. Nimeogopa kweli.

Alhamisi, 19 Desemba

Jana nzima nilifanya mazoezi ya kusema ukweli. Leo nimempigia Doris. Nilifungua mdomo niseme samadi, nikasikia jinsi litakavyosikika neno hilo masikioni mwa mtu wa tamasha, na ulimi ukachukua njia yake. Nikasema tumepata msiba.

Doris akashtuka. Akauliza nani. Nikasema bibi yake Kindness. Akauliza jina. Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa na jina. Wiki nzima kichwani nina jina moja tu, likatoka lenyewe: Bibi Elinipendo, wa Mwika. Akauliza mazishi lini. Nikasema Jumamosi asubuhi. Nikasikia anavuta makamasi. Akasema Mfongo wasiwe na wasiwasi, atawaweka wa mwisho, saa kumi na moja jioni.

Nimefanikiwa! Nimemwambia Kindness kwamba Doris ameelewa sana. Kindness akafurahi kwamba nimesema ukweli. Akanipa mkono. Mwaka mzima hajawahi kunipa mkono.

Ijumaa, 20 Desemba

Saa mbili asubuhi. Doris ameandika kwenye kundi la wanamuziki wa Moshi: wapendwa, Mfongo wamefiwa na bibi yao, Elinipendo wa Mwika, mazishi kesho asubuhi, tujitahidi kufika. Mikono ya maombi sita.

Saa mbili na dakika tano. Thadeus amejibu kwamba ameumia sana, Jumapili tu alimzawadia marehemu bendi. Anaipeleka taarifa usharikani sasa hivi.

Nimekunywa maji. Namshukuru Mungu kwamba Kindness na wenzake walishajitoa kwenye kundi hilo baada ya ugomvi uliofuata yale ya Kwa Sadala. Imebaki kwaya ya mama yake, na nimeomba mama asimtumie kitu leo. Namba ya Bibi haipatikani. Simu yake huwashwa Jumapili tu, ili wanawe wampigie. Nimewaza kupanda kusema kila kitu, nikaona nitaanzia wapi. Halafu nikajituliza. Ni Desemba. Watu wana wageni, wana mbuzi wa kutafuta, wana nyumba za kupaka rangi. Nani atapanda mpaka Mwika kwa ajili ya bibi wa bendi?

Jumapili, 22 Desemba

Naandika asubuhi kabla ya ibada. Jana mikono haikuweza kushika kalamu.

Wamepanda wote.

Tulianza alfajiri. Bibi alitupa makarai na toroli moja. Kindness alikuwa wa kwanza kuingia bandani, mabuti hadi magotini, na wala hakulalamika. Hata wakaanza kuimba. Saa tatu nikasikia tarumbeta barabarani. Tarumbeta za usharika, zinapiga wimbo wa mazishi, zinapanda taratibu. Hosea akasema maskini, sijui nani amefariki. Nikakaa kwenye karai.

Mbele alikuwa Mzee Aminieli kwenye suti. Nyuma yake wapiga tarumbeta wanane. Nyuma yao akina mama na mikungu ya ndizi, kuni, sufuria za shughuli. Lori la turubai na viti vya plastiki. Halafu gari moja kutoka mjini, aina ya Noah. Wakateremka Doris, amejifunga kanga mbili, na Thadeus, suti nyeusi na maua mkononi.

Bibi Elinipendo akatoka jikoni na ndoo ya maziwa. Akawaamkia, akauliza kuna msiba kwa nani.

Tarumbeta zilikata moja moja. Ya mwisho iliendelea kidogo, mpigaji alikuwa amefumba macho. Mzee Aminieli akavua kofia, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba msiba uko hapa. Bibi akauliza nani. Mzee akasema, wewe.

Doris akanitazama. Kindness akamtazama Doris anavyonitazama, na akaelewa yote papo hapo, sikuhitaji kueleza. Karai lilimtoka mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunga hivyo. Nilitaka ardhi inimeze, ila pale nilipokuwa ardhi yenyewe ilikuwa samadi.

Bibi aliweka ndoo chini. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, akawatazama waombolezaji wake wote mmoja baada ya mwingine. Akasema ana miaka themanini na mbili, amezika watu wa mtaa huu wote, na siku zote alikuwa anajiuliza kwake watakuja akina nani. Sasa amewaona. Akawataja kwa majina wawili ambao hawakuja, akasema atawapitia. Kisha akauliza ndizi zimekuja mikungu mingapi. Akaagiza turubai lisimamishwe, akina mama wapike machalari ya ndizi na nyama, maana watu wameshapanda mlima na hawawezi kushuka na njaa.

Mwisho akasema bendi ni yake mpaka jioni, na hivyo waache makarai wapige. Kuhusu samadi, akamgeukia Thadeus. Akamwambia mjukuu wangu, zawadi ulinipa wewe, imalizie. Akaninyooshea kidole na mimi. Thadeus akatafuta mahali pa kuweka maua, akakosa, akampa ng'ombe. Ng'ombe akala.

Kwa hiyo mimi na Thadeus tukabeba. Umeme haukuwepo, spika hazikuwepo. Kindness alichukua gitaa kavu, Ndelilio akageuza ndoo mbili. Besi ya Hosea bila umeme haisikiki, kwa hiyo wapiga tarumbeta wawili wakaichukua sehemu yake kwa tarumbeta zao, polepole, wakijifunza hapohapo. Walipiga ule wimbo wao unaoitwa Zamu ya Maji. Ni wa mwanamke anayeamka kwenda kufungulia maji ya mfongo, anakuta zamu yake imeibwa, na kesho yake anaamka tena.

Nilikuwa katikati ya migomba na toroli. Nimeusimamia wimbo huo mwaka mzima. Nimeuandikia barua, nimeutetea kwenye baa tatu na kwenye redio moja. Jana ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuusikia mpaka mwisho. Kila wakiufikia ubeti wa tatu huwa niko nje naongea na simu. Sikujua kwamba mwishoni yule mwanamke anaimba peke yake, bila chombo chochote. Akina mama waliacha kumenya ndizi. Nililia. Nililia kwelikweli, mikono ni michafu sikuweza hata kujifuta. Thadeus naye alisimama akasema hiki kitu si cha hotelini.

Saa tisa Bibi akawaachia, wakashuka mjini kwa Noah ya Doris, pamoja na wale wapiga tarumbeta wawili. Bendi za mchana Doris alikuwa amemwachia msaidizi wake azirekodi. Nikaenda kufungua mlango nipande. Kindness akasema hapana, Kaka Calvin, rundo bado. Akaufunga mlango taratibu.

Tulimaliza saa kumi na mbili. Bibi akatupa chakula, akatuombea. Nilipopata mtandao kwenye lami, simu ikaita mara mbili. Ujumbe wa kwanza ni wa Doris kwa bendi zote: wa Februari ni Mfongo, pamoja na tarumbeta za Mwika. Nilirukaruka barabarani. Nikafungua kundi la bendi ili niandike hongera. Ilikuwepo mistari miwili. Wa kwanza: Kaka, tumechaguliwa, asante kwa mwaka mzima. Wa pili: Kindness amekuondoa.

Nimeusoma mara nyingi. Nimeizima simu nikaiwasha tena. Bado upo.

Jumatatu, 23 Desemba

Jana Mzee Aminieli alinisimamisha mbele ya usharika wote nitubu kwa kumzika mtu akiwa hai. Kindness alikuwa amekaa na mama yake, safu ya nne. Nilitubu vizuri. Nilieleza toka mwanzo, nikamtaja ng'ombe na maua, watu wakacheka mpaka mchungaji akainamisha kichwa. Bibi Elinipendo, akiwa na wanawe pande zote mbili, alinisamehe kwa sauti. Kindness hakucheka. Ila nje aliniamkia, akasema milango ya mazoezi iko wazi, nikitaka nije nikae nisikilize tu. Kusikiliza tu. Bila simu. Nilimwambia nitakuja Alhamisi. Nilikuwa namaanisha.

Usiku kucha nimejihoji. Nimepekua moyo wangu kwa unyofu, kosa liko wapi? Asubuhi nimelipata. Nilichagua bibi anayejulikana.

Nimejisikia mwepesi mno. Nimepiga simu kwa wapiga tarumbeta, vijana ambao wanakwenda kwenye tamasha bila mtu yeyote wa kuwasimamia, jambo ambalo lilinishtua. Wamesema watafikiri. Nimeichukua kama ndiyo. Kufikia saa nne nilikuwa nimewapatia harusi Kahe, Alhamisi saa nane, na sherehe ya ubarikio wa kijana wa kanisani Kwa Sadala, Alhamisi saa nane hiyohiyo. Baadaye kidogo nikakumbuka kwamba Alhamisi nina ahadi na Kindness.

Sina hofu. Nimempata mjomba, anakaa Rombo ndani kabisa, na hakuna mtu hata mmoja anayemfahamu, kwa sababu hayupo. Ameanza kuumwa leo asubuhi. Nimemwambia mwenye harusi hali yake si nzuri, naye ameshtuka sana, akaniuliza kijiji gani, kwa kuwa mkewe ni wa hukohuko Rombo.